Chai ya saa nne ndiyo inayokula mchana wako

Msomaji mmoja wa Mtwara mjini ameniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni mtumishi wa ofisi moja hapa Mtwara, nina miaka 36. Nilihamia kutoka Masasi miaka minne iliyopita nikiwa na kilo 71, leo nina 84. Kule nilikuwa natembea kwenda kazini, hapa napanda bajaji. Asubuhi natoka nyumbani na chai ya rangi tu tumboni. Saa nne tunateremka kwa mama ntilie, nakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa na vitumbua vinne, shilingi 1,500. Saa saba wenzangu wakienda kula mimi sina njaa, naagiza soda na chapati, 1,500 nyingine, nabaki mezani kwangu. Ikifika saa nane macho yanafumba mbele ya kompyuta, naona hata aibu. Saa kumi nikifika nyumbani nakula wali mwingi, na saa tatu usiku tunakula tena na familia. Baba yangu ana kisukari. Nataka kupungua. Je, niache chakula cha mchana kabisa? Niache wali? Au nibebe chakula cha nyumbani? Mke wangu ni mwalimu, naye anaamka saa kumi na moja. Sahani ya wali samaki kwa mama ntilie wetu ni 2,500, na kwa siku nina 4,000 ya kula kazini."

Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuandika saa na bei, maana watu wengi huniandikia "nakula kawaida tu" nami nabaki kubahatisha.

Unaniuliza kama uache chakula cha mchana. Nimesoma barua yako mara mbili nikakitafuta hicho chakula cha mchana, sikukiona. Ulichonacho ni chai ya saa nne iliyokua mpaka ikameza mlo wa saa saba, halafu wali wa saa kumi unaokuja kulipa deni. Ndiyo maana ukiniuliza tuanzie wapi, nitakujibu tuanzie kwenye benchi la chai. Hapo pakikaa sawa, mengi ya mbele yatajipanga yenyewe.

Tuhesabu sukari kwanza. Hukuniambia unatia vijiko vingapi, ila mimi nimekaa kwenye mabenchi hayo miaka mingi na najua chai ya maziwa ya huku mara nyingi huletwa ikiwa imeshakolea. Tuseme vijiko vitatu vya chai kwa kikombe. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Kikombe cha nyumbani na vile viwili vya saa nne vinafanya vijiko tisa, yaani gramu 36. Soda ya kawaida ya chupa ya mililita 350 hubeba gramu 35 au zaidi. Geuza chupa usome maandishi yake, nyingine zimepunguzwa. Kwa hiyo kabla ya saa nane mchana umeshakunywa gramu 70 za sukari, na hapo hatujagusa iliyomo kwenye vitumbua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na linasema akishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Wewe mwenye baba wa kisukari chukua hiyo 25 kuwa ndiyo yako.

Sasa vitumbua. Sitaki mtu aseme nimevipiga vita, kwa sababu navipenda na nimelelewa navyo. Lakini kaa siku moja karibu na jiko umwangalie mama anavyopika. Mchele umelowekwa usiku, umesagwa, umechanganywa na tui, sukari, hamira na iliki. Chuma kikishapata moto anamimina mafuta katika kila tundu, halafu ndipo unga unafuata. Unga unanyonya. Kabla ya kugeuza anaongeza mafuta tena pembeni ili kitumbua kisishike. Ulichoshika mkononi ni wanga, sukari na mafuta, na ukila vinne una nguvu za kutosha kukufikisha saa nane bila njaa, lakini protini ni kidogo mno, nyuzinyuzi kidogo mno, na mboga hakuna kabisa. Ndiyo maana saa saba husikii njaa. Mwili umeshiba nguvu, haujapata chakula.

Halafu usingizi. Nataka uelewe jambo hili vizuri, maana umeandika neno aibu na limeniuma. Kila binadamu ana saa ya mwili inayomlegeza mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi, hata kama hajala kitu. Hiyo ni maumbile. Kinachotofautiana ni jinsi unavyozama. Mtu aliyekunywa chai tamu na vitu vya kukaanga saa nne, kisha akaongeza soda na chapati ya unga mweupe saa saba, sukari yake ya damu hupanda haraka na kuteremka haraka, na anguko hilo linakuja kukutana na ule ulegevu wa kawaida. Ongeza joto na unyevu wa Mtwara, mapangaboi yanayozungusha hewa ileile, na kiti ulichokikalia tangu saa moja na nusu. Huo si uvivu.

Ila kuna swali la kumuuliza mkeo kwa faragha: je, siku hizi unakoroma, na katikati ya kukoroma unakuwa kama umekatika pumzi kisha unashtuka? Mtu akiongezeka kilo 13, shingo nayo hunenepa, na usingizi wa namna hiyo haumpumzishi hata akilala kwa muda wa saa nane nzima. Akisema ndiyo, mwambie daktari bila kuona haya. Hilo chakula peke yake hakilimalizi upesi.

Basi, uache chakula cha mchana? Hapana. Ukikiacha hutaacha kula, utahamisha tu. Mfano ni wewe mwenyewe: saa saba huli, na saa kumi unauinamia wali ukiwa na njaa ambayo haijui kiasi. Sikulaumu kwa hilo. Mtu aliyefika nyumbani na njaa ya saa sita nzima hapimi, anapakua.

Nikwambie yaliyonipata mimi nilipoanza kazi ya lishe, nikiwa binti. Siku za kwenda vijijini tuliondoka alfajiri bila kula, tukanywa soda njiani kwa sababu ndiyo iliyokuwa baridi, tukarudi jioni tukala kama watu waliotoka kuvuna. Nilikuwa nafundisha kina mama kupanga milo ya watoto wao huku mlo wangu hauna mpango. Nilipopima damu siku moja nikaambiwa wekundu umepungua. Toka hapo sikubali mtumishi yeyote aniambie kwamba kazi ndiyo inamzuia kula saa saba.

Anza hivi. Chai ya nyumbani isiende peke yake. Kama kuna kiporo cha muhogo wa kuchemsha uliohifadhiwa vizuri na kupashwa moto, au kiazi kitamu, au ndizi mbivu mbili, kula. Si lazima kiwe kingi. Kazi yake ni kukufikisha saa nne ukiwa mtulivu. Kisha saa nne teremka na wenzako kama kawaida, maana najua benchi la chai si la chai tu. Hapo ndipo habari za msiba, za uhamisho na za posho zinapopatikana, na sitaki ukae juu peke yako kama uliyetengwa. Kunywa kikombe kimoja, na umwambie mama mapema akuwekee isiyo na sukari utie mwenyewe kijiko kimoja. Chukua mayai mawili ya kuchemsha, au bakuli la mbaazi kama anapika, na kitumbua kimoja kama roho inakitaka. Yai moja lina gramu kama 6 za protini. Menya mwenyewe; wale vijana wanaopita na ndoo za mayai si kila mmoja kisu chake cha kachumbari ni safi. Kikombe hicho na kile cha nyumbani, vyote vya kijiko kimojamoja, ni gramu 8 tu za sukari, na soda imeondoka. Umeona umbali tuliotoka?

Watu hulalamika kwamba chai ya kijiko kimoja haina ladha. Kwa siku kumi za mwanzo ni kweli. Shuka taratibu: wiki hii viwili na nusu, ijayo viwili, ulimi utafuata. Tangawizi na mchaichai vinasaidia sana hapo.

Sasa saa saba, mlo wenyewe. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu mkoa wetu una chakula cha mchana kizuri ambacho tumekigeuza kuwa cha kuonea haya.

Mwangalie mama ntilie anavyopakua wali. Anachukua bakuli, anashindilia kwa mgongo wa upawa, analipindua katikati ya sahani, anainua, na mlima unasimama. Pembeni kipande cha samaki, mchuzi unaomwagwa mpaka wali unabadilika rangi, na mboga ya majani kiasi cha vijiko viwili, kana kwamba imewekwa kwa ajili ya rangi. Nimewahi kuupima mlima huo kwa mizani ya jikoni: ulikuwa gramu 450. Wali mweupe uliopikwa una kalori kama 130 kwa kila gramu 100, kwa hiyo hapo ni karibu 585, kabla ya mafuta, tui na samaki. Kwa mvuvi aliyevuta nyavu tangu usiku ni sawa kabisa. Kwa wewe unayerudi kukaa kwenye kiti, nusu yake inatosha.

Kwa hiyo usiache wali. Punguza mlima. Macho yako yaigawe sahani: nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe wali au ugali, robo iwe samaki, maharage, mbaazi au nyama. Na hili linahitaji mdomo wako, kwa sababu mama ntilie hupakua anavyojua wateja wengi wanataka. Mwambie kwa upole, "Mama, leo nusu bakuli ya wali, niongezee mboga." Siku ya kwanza atakuuliza kama unaumwa. Siku ya tatu ataweka bila kuulizwa. Wanawake hawa wanaijua sahani ya kila mteja wao, na mboga kwao si ghali kuliko mchele.

Kuhusu mboga, tuna kisamvu. Ofisini nimesikia watu wakisema kisamvu ni cha shamba, cha mchana mtu aagize wali na kuku. Kisamvu kilichotwangwa vizuri kwenye kinu, kikachemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, kina madini ya chuma, kina vitamini A, na ni miongoni mwa mboga za majani zenye protini ya kusifiwa. Kule kutwanga na kuchemsha wazi si mapambo: majani ya muhogo mabichi yana sumu ya asili inayotoka kwa njia hiyo, na wazee wetu waliijua kabla ya maabara. Kikiungwa kwa karanga au korosho zilizotwangwa, sina la kuongeza. Tui lisizidi, maana mafuta ya nazi ni yale mazito yanayoganda. Tui jepesi linatosha kuleta harufu.

Mbaazi nazo. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara inazilima kwa wingi, na kwa miaka mingi jicho letu limekuwa kwenye soko la India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka na wakulima waliumia sana. Mimi siku zile niliwaza: hiki chakula tunakisubirisha meli, na maofisini tunakula chapati kavu kwa soda! Mbaazi kavu zina gramu 20 na zaidi za protini katika kila gramu 100, zina nyuzinyuzi, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Bakuli la mbaazi saa saba litakuvusha saa nane macho yakiwa wazi kuliko chapati yoyote. Njugu mawe za kuchemsha ni ndugu zake, na msimu wake ukifika zinauzwa barabarani zikiwa bado na mvuke. Kula na chumvi kidogo, hazihitaji kingine.

Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, wengi huniuliza. Ni chakula kizuri, hakina mafuta, hakina sukari ya kuongezwa, lakini kiweke upande wa wanga kama muhogo. Ukila ming'oko, wali upungue. Usivile vyote viwili ukasema cha pili ni cha kutafuna tu.

Samaki ndiyo neema yetu, na hapa nina onyo ambalo si watu wengi wanalijua. Kibua, jodari na samaki wa ukoo huo wakikaa juani muda mrefu baada ya kuvuliwa, hutengeneza kitu ambacho hata ukikaanga mpaka kikauke hakiondoki. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Wengi husema "nina aleji na samaki" kumbe samaki alilala. Ukinunua mwenyewe pale Feri nenda asubuhi, tazama macho yawe maangavu, mashavu ya ndani yawe mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Kwa mama ntilie, mzoee yule unayejua ananunua kila siku. Samaki wa kuchemsha au wa mchuzi mwepesi mara nne kwa wiki, wa kukaanga mara moja. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, ni mtamu lakini ana chumvi nyingi. Alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula, isizidi gramu 5, ambayo ni kijiko kimoja cha chai.

Neno moja kwa wenzako wa kike kwenye hilo benchi: chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga na mbaazi. Wasubiri saa moja hivi baada ya kula. Ndimu juu ya mboga, embe au bibo baada ya mlo, hufanya kinyume chake, yaani husaidia chuma kuingia. Bibo tunalitupa chini ya mkorosho kwa maelfu kila msimu, na lina vitamini C kulishinda chungwa.

Na korosho zenyewe? Ukiwa Mtwara huwezi kuzikwepa, hasa kuanzia Oktoba. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kina kalori kama 165 na gramu 5 za protini. Ni kitafunwa bora kuliko biskuti. Tatizo ni mfuko wa nusu kilo ulio wazi kwenye droo, mkono unakwenda wenyewe huku macho yako kwenye kompyuta. Pima kiganja, funga mfuko, uuache nyumbani.

Unaniuliza kuhusu kubeba chakula. Napenda mtu abebe, lakini hali ya hewa yetu haitusamehe. Chakula kilichopikwa kikikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, vijidudu huanza kuzaliana, na mtu anayepakia saa kumi na mbili asubuhi akafungua saa saba mchana amekiacha saa saba nzima. Wali ni hatari yake ya pekee: kuna mbegu za bakteria zinazostahimili kupikwa, zikipata uvuguvugu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Chakula cha nazi nacho unajua mwenyewe, kinachacha huku unakitazama. Ukitaka kubeba chakula chenye mchuzi, nunua themosi ya chakula yenye mdomo mpana, imwagie maji yanayochemka, iache dakika tano, mwaga, halafu tia chakula kikiwa bado kinatokota na ufunge papo hapo. Saa saba ukifungua lazima kifuke mvuke na kikuunguze kidogo mdomoni. Kikiwa vuguvugu, usile. Vinginevyo beba vile visivyoharibika: korosho, karanga za kukaanga, chungwa, ndizi, embe zima na kisu chake.

Na kuhusu mkeo, nitasema wazi kwa sababu umemtaja mwenyewe. Mama huyo anaamka saa kumi na moja, ana darasa la watoto linamsubiri. Usimwongezee jiko. Mbaazi zinalowekwa usiku na mtu yeyote mwenye mikono miwili, na wewe unarudi saa kumi. Chemsha wewe chungu kimoja Jumapili, gawanya, na kama mna jokofu weka za siku mbili tatu. Kama hakuna jokofu, basi kwa maoni yangu mlo wa mama ntilie uliochagua vizuri ni salama kuliko wa kubeba, na fedha yako inatosha: 2,500 ya sahani, 1,500 inabaki kwa chai na mayai. Leo unatumia 3,000 na huna mlo. Mkiwa watu wanane au kumi ofisini, kubalianeni na mama mmoja: Jumanne mbaazi, Alhamisi kisamvu na samaki, mkimwambia jana yake. Mteja wa uhakika ni biashara kwake, atapika. Mchague aliye na maji ya kunawa yanayotiririka na sabuni, anayefunika vyungu vyake, na anayemaliza chakula chake kila siku.

Ukishakula saa saba, usirudi kitini moja kwa moja. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea polepole hupunguza sukari inayopanda baada ya mlo. Jua la saa hiyo ni kali, sikupeleki barabarani. Zunguka kivulini, panda na kushuka ngazi, peleka faili mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Kunywa maji. Nawajua watumishi wasiokunywa maji kutwa nzima kwa sababu choo cha ofisi hakiridhishi, halafu kichwa kinawauma wanadhani ni njaa. Ukitamani kitu kitamu cha kunywa, dafu lina sukari kidogo kuliko soda.

Ukifika nyumbani saa kumi, kwa mpango huu utakuwa na njaa ya kawaida tu. Kula tunda. Jua likilegea saa kumi na moja, tembea nusu saa, uende hata ufukwe wa Shangani na watoto, siku tano kwa wiki. Hapo umefikisha zile dakika 150 zinazoshauriwa, na umerudisha sehemu ya miguu uliyoiacha Masasi. Bajaji imechangia kilo hizo kama chai ilivyochangia. Chakula cha usiku kisogee kitoke saa tatu kije saa moja na nusu au saa mbili, kiwe kidogo kuliko cha mchana. Familia italalamika wiki moja. Ijumaa ukialikwa pilau, kula pilau, sahani moja, bila soda, na maisha yaendelee.

Usitafute kupungua kwa kishindo. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye ukingo wa kisukari; kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa dawa. Asilimia 7 yako ni kilo 6. Usiwaze kurudi 71 kwa sasa, waza 78. Pima pia kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kwenye usawa wa kitovu. Kisizidi nusu ya urefu wako.

Lakini kabla ya kubadilisha hata kikombe kimoja, nenda ukapime. Ni mtoto wa mgonjwa wa kisukari, umeongezeka kilo 13, na unasinzia mchana. Sitaki tudhani kila kitu ni vitumbua. Chagua asubuhi moja wiki hii, usile wala kunywa chochote isipokuwa maji tangu saa mbili usiku, uende kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe sukari na presha. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L), daktari atarudia kipimo siku nyingine ili athibitishe. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 uko ukingoni, na haya niliyoandika ndiyo tiba yako ya kwanza. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena. Beba ndizi mbili na karanga kwenye mfuko, uzile mara tu ukishatolewa damu, usije ukatoka pale na njaa ukakutana na chuma cha vitumbua mlangoni. Na ukiniandikia tena, nitajie urefu wako pamoja na hizo namba.